Kocha Niliyemsubirisha

Kwenye kompyuta yangu kuna jedwali ambalo kila nikiliona uso unanichoma. Lina mistari mingi, na kila mstari ni konferensi moja ya vyuo vya Marekani. Kwa asiyejua, kule vyuo havichezi mpira wa kikapu ovyo ovyo. Vimegawanywa mafungu mafungu, na kila fungu huitwa konferensi. Ndani ya fungu wanachezana wenyewe kwa wenyewe msimu mzima, kisha walio bora hutoka kwenda kukutana na walio bora wa mafungu mengine. Mimi nilikuwa nayalinganisha mafungu hayo kwa jambo moja tu, nguvu zao za kuvuta wasichana wapya: nani anawapata mabinti wakali zaidi wanaomaliza shule mwaka huu, nani anaambulia makombo. Mzee mzima, mstaafu wa idara ya maji, nimekaa Ibra, Omani, napanga madaraja ya mabinti wa watu ambao hata siwajui. Hilo peke yake linatosha mtu kuona haya, lakini aibu yenyewe haipo hapo.

Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Waswahili, na huko ndiko nilikojifunza kikapu, kwenye uwanja wa saruji uliopasuka katikati. Nilikuwa mrefu, mwepesi na mwenye maneno mengi. Urefu umebaki, maneno yamezidi, wepesi umekwenda zake. Nilipokuja Omani na wazee wangu nilikuwa na miaka ishirini. Tukakaa Ibra, nikaajiriwa, nikaoa. Mke wangu wazee wake walitoka Unguja, na mpaka leo akinisikia naongea husema Kiswahili changu kimegongwagongwa na mawe njiani. Watu wa rika langu hapa hawakucheza kikapu. Mpira ulikuwa wa miguu, na wa kikapu ukawa kitu cha kutazama kwenye televisheni, mimi na mto wangu.

Mungu akatupa mabinti wawili, na wa pili, kitinda mimba, akatoka mrefu. Alipofika miaka tisa nilimwita fundi wa kuchomea vyuma akatuwekea ringi kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Nilimfundisha kudunda mpira bila kuutazama, nikamfundisha kugeuka, nikamfundisha kutulia. Haikupita miaka minne akawa ananishinda, na mimi najifanya nimemwachia. Alikuwa mtoto wa maneno machache, wa kusema "ndiyo, Baba" hata kabla sijamaliza. Lakini mpira ukimfika mkononi anakuwa mtu mwengine, ana ujeuri kidogo, na mimi ujeuri ule niliupenda mno.

Shule za wasichana kwetu baba haingii siku ya mashindano. Mama wanaingia, shangazi wanaingia, mimi nakaa kwenye gari nje ya ukuta, kiyoyozi kinavuma, nasikia filimbi na makelele, sijui nani kafunga. Mechi zake niliziona kwenye simu tu. Mwalimu wake wa michezo, mwanamke wa Kitunisia, ndiye aliyekuwa akirekodi, na ndiye aliyetuambia kwamba mtoto huyu anaweza kutafutiwa chuo nje. Alipotaka kuzipeleka vidio kwa makocha, ilibidi azizibe nyuso za wasichana wengine wote, maana wazazi wao hawakutoa ruhusa. Ikatoka vidio ya ajabu, binti yangu peke yake ana uso, na wanaomzunguka wote ni ukungu unaokimbia.

Vidio ile ilipelekwa vyuo vingi. Aliyejibu ni kocha mmoja, mwanamke wa makamo, wa chuo kidogo katika mji wa baridi ambao nilihitaji ramani kuuona. Alitaka kuzungumza na msichana. Nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba kwetu binti hazungumzi mambo haya peke yake, na kwamba namba ya kupiga ni yangu. Hakuona vibaya. Akawa anapiga kila Jumatatu baada ya Alasiri, ambapo kwake ni asubuhi na mapema. Binti anakaa pembeni yangu kwenye zulia, simu tumeiegemeza kwenye birika la kahawa. Kocha yule alijifunza kusema asalamu alekum. Aliuliza hali ya mama. Alituonesha chumba ambamo mchezaji anaweza kuswali, akatuambia hijabu si tatizo, na chakula ameshazungumza na watu wa jikoni. Siku moja alimwambia binti yangu waziwazi kwamba mkono wake wa kushoto ni mzito, akampa mazoezi ya kuufungua. Binti akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo na mtu mgeni.

Jumatatu ya sita au ya saba akasema anampa nafasi. Masomo, malazi, chakula, safari, kila kitu juu ya chuo. Nilimsikia binti yangu akivuta pumzi. Kocha akanitazama mimi, akauliza ninasemaje.

"Tumesikia, na tumefurahi," nikasema. "Tutaulizana wenyewe kwa wenyewe, inshallah."

Mtu wetu yeyote angenielewa. Walipokuja kumposa binti yangu mkubwa, watu wa mji wa Sur, nilisema maneno hayo hayo, na yule kijana nilikuwa nimeshampenda tangu alipovua viatu mlangoni. Lakini hujibu siku hiyo hiyo. Ukijibu siku hiyo hiyo watu watasema huyu baba alikuwa anatafuta pa kumtua binti yake. Kwa hiyo waposaji wanakula halwa, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Baada ya wiki wanarudi, unawaambia bado tunaulizana. Wanarudi tena. Kila wanavyorudi ndivyo binti anavyopata hadhi, na siku unayosema ndiyo kila mtu anapumua. Watu wa Sur walirudi mara tatu, na mpaka leo wananisifu kwamba nilimlinda mwanangu.

Kocha akasema sawa, akataja tarehe. Alihitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, kwa sababu nafasi aliyobaki nayo ni moja tu. Tarehe ile niliichukua kama ninavyochukua haraka ya mposaji. Nikatabasamu, nikasema inshallah, nikakata simu. Binti akaniuliza, "Baba, tutaulizana lini?" Nikamwambia asiwe na pupa.

Kama ingekuwa desturi peke yake, labda ningejipatia udhuru. Lakini ndani ya desturi nilitia tamaa. Wakati tunasubiri, nikasema ngoja nikichunguze hiki chuo kama tunavyochunguza ukoo wa mposaji. Ndipo nilipoanza lile jedwali. Wenzetu kule wana watu ambao kazi yao ni kuwatazama wasichana wa shule na kuwapa nyota, na kila konferensi inapimwa kwa nyota zilizoingia. Nikazipanga. Kuna konferensi ambayo ukijumlisha nyota zake unastaajabu, kumbe ni vyuo viwili tu vinavyozoa mabinti wote wa maana, na vilivyobaki vinakula vumbi. Kuna nyengine haina hata mmoja wa nyota tano, lakini kila chuo kimepata kidogo kidogo, na msimu ukianza haina mnyonge. Kuna zile zinazochukua wachezaji walio tayari vyuoni, wanaohama, kwa hiyo ukiangalia wa shule peke yao unadhani zimelala. Nilikuwa natoa pointi hapa, napunguza pale. Nilikuwa nafurahi, nisikufiche. Na kila nilipomaliza kupanga upya, konferensi ya chuo cha kocha wetu ilikuwa chini kabisa.

Nikaanza kulitazama jambo lile kwa jicho jengine. Binti yangu mimi, aliyefundishwa na mimi, aende akachezee fungu la mwisho? Nikazichukua vidio za mwalimu, nikazipeleka mwenyewe kwenye vyuo vya konferensi nne za juu, na barua niliyoitunga siku mbili. Sikumwambia binti. Sikumwambia kocha, bila shaka. Moyoni nilijiambia kwamba baba mwenye akili haufungi mlango kabla hajaona wote wanaokuja.

Mtaani kwetu tuna sabla, ukumbi wa wanaume wa kukaa na kupokea wageni, na baada ya Magharibi huwa tunapiga soga pale. Nikaipeleka habari. Nikawaeleza wazee konferensi ni nini, ipi ina nguvu, ipi ni ya kupitishia wakati. Wengine walisinzia. Mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache mwenye kukera, akaniuliza, "Na huko kwenye nguvu, huyu mtoto atacheza, au atakaa benchi?" Nikamwambia hata benchi la kule lina hadhi yake. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Wiki ya pili ikaja barua pepe kutoka chuo kikubwa, cha konferensi niliyoiweka ya kwanza. Ilikuwa na nembo, picha ya uwanja uliojaa watu, na jina la binti yangu juu. Inasema wamependezwa naye na wanamkaribisha kwenye kambi yao ya mazoezi ya kiangazi. Nikamwita binti, nikamkabidhi simu asome mwenyewe.

Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena. "Baba," akasema, "hii wanapeleka kwa watu wote."

"Jina lako si limeandikwa?"

"Kompyuta ndiyo inaandika jina, Baba. Ukijaza fomu, inakuja."

Nikamwambia hajui dunia. Mtoto wa miaka kumi na saba, anazungumza Kiingereza kunishinda, amezaliwa na simu mkononi, nami nikamwambia hajui dunia. Akasema, "Ndiyo, Baba." Jioni ile nikatangaza kwenye sabla kwamba chuo kikubwa kimeleta barua, na watu wakanipa mabruk na pongezi.

Kocha wetu aliandika kuuliza kama tumeshazungumza. Nikaona vizuri, huko ni kurudi kwa mara ya kwanza. Sikujibu. Jumatatu ikafika, Alasiri ikapita, simu ikaita juu ya zulia, picha yake ikatokea. Binti alishanyoosha mkono. Nikamwambia, "Leo hatupokei."

"Kwa nini, Baba?"

"Acha atutake kidogo."

Alirudisha mkono wake, akaufunga ndani ya shela yake, akaitazama simu mpaka iliponyamaza. Mimi pia niliitazama. Iliita muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kashika sinia. Hakusema kitu mbele ya mtoto. Baadaye alinifuata. "Yule mwanamke si mkwe," aliniambia. "Yule yuko kazini. Mwambie ndiyo au mwambie hapana."

"Desturi ni desturi."

"Ya kwetu. Yeye umemwambia?"

Nikamwambia mambo ya mpira aniachie mimi. Niliinua sauti, nami si mtu wa kumwinulia sauti mke wangu. Akaenda zake jikoni.

Kocha akapiga tena Jumatatu iliyofuata, na hiyo pia tukaiacha ikaita. Akaandika mara ya pili, kisha ya tatu. Hiyo ya tatu niliisoma nikafurahi kabisa, maana ndiyo idadi ya watu wa Sur. Nikapanga kwamba nitasubiri wiki moja tu, vyuo vikubwa vikiwa havijasema neno la maana, basi nitampa jibu zuri, na nitamwalika hata aje Omani tumchinjie mbuzi. Mwisho wa mwezi ulipita wiki ile. Niliuona kwenye kalenda. Nilijua ni tarehe aliyoitaja, na nikasema moyoni, tarehe ni maneno, watu wanaotakana hawaachani kwa tarehe.

Jibu la vyuo vikubwa halikuja. La kocha likaja. Nilikuwa nje ya duka la mikate, kwenye gari, mikate bado ya moto kwenye kiti cha pembeni. Aliandika mistari michache. Kwamba alisubiri zaidi ya siku aliyoitaja, kwamba nafasi imebidi ampe msichana mwengine, kwamba alitumaini sana kupata habari zetu na anamtakia binti yetu kila la kheri. Hakulaumu popote. Nikaisoma mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Kisha nikaandika haraka haraka kwamba tulikuwa tunakubali, kwamba jibu letu lilikuwa ndiyo tangu mwanzo, kwamba huu ni utaratibu wetu tu. Akajibu siku ya pili kwa adabu, akasema anasikitika, hakujua.

Hakujua. Angejuaje?

Mpaka hapo mimi ni mtu aliyekosea, na kukosea kunasameheka. Ninachokionea haya zaidi ni Ijumaa ile, baada ya chakula cha mchana, tumekaa watatu kwenye sinia moja. Binti akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna habari ya kocha. Nilikuwa na siku nne za kuandaa ukweli. Ungenichukua sekunde kumi kuusema. Nikasema, "Amechukua mwengine. Mrefu kuliko wewe. Na anasema mkono wako wa kushoto bado."

Sijui nimelitoa wapi lile neno la mkono. Najua, nadanganya. Nililitoa kwenye mazungumzo yao wenyewe, katika jambo ambalo yule mwanamke alilisema kwa mapenzi, nikalitia ncha nikamchoma nalo mwanangu, ili mimi nibaki baba mwenye busara. Binti akautazama mkono wake, uliokuwa juu ya goti. "Khair, Baba," akasema. Akaondoka kwenda kunawa.

Na sikunyamaza. Mtu aliyefanya ubaya angekaa kimya walau, lakini mimi domo langu halina breki. Wiki nzima, mwezi mzima, kila tukikaa nilikuwa naeleza kuwa hakuna tulichokosa. Chuo kidogo. Fungu dhaifu. Naileta kompyuta, nawaonesha: tazameni wao walipata nani mwaka huu, tazameni hawa wa juu, wapi na wapi. Mke wangu anamimina kahawa. Binti ameegemeza kidevu mkononi, anatazama ninapoelekeza kidole. Hakuna aliyenibishia. Nikadhani nimewakinaisha.

Ukuta wa nyuma ukawa kimya. Mpira wake aliupeleka kwa mwalimu wa Kitunisia, akasema wadogo watautumia.

Akaingia chuo Nizwa. Anasoma vizuri, hilo sina wasiwasi nalo. Mwisho wa wiki huja nyumbani, na Jumamosi baada ya Alasiri namrudisha kwa gari, tunapita Sinau, tunakwenda Izki, kisha Nizwa. Ni mwendo wa kutosha kwa watu wawili kuzungumza, na sisi tulikuwa tunazungumza kila kitu: mitihani, chakula cha bweni, mume wa dada yake. Kikapu hatukukigusa.

Jumamosi moja, tumeshaipita Sinau, simu yake ikaita. Ni msichana wa chuoni, sauti yake inasikika mpaka kwangu. Wanaunda timu, wamesikia yeye anacheza, wanamtaka. Binti akajibu kwa Kiarabu, kwa upole, kwamba hapana, zamani alikuwa anacheza kidogo tu, hana kiwango, wamtafute mtu mwengine. Yule akamsihi. Binti akasema, "Wallahi, siwezi," akaiweka simu chini.

Nikaendesha kilomita nyingi nikilitafuta neno la kuanzia, na kila nikilipata nalimeza. Karibu na Izki kuna kituo cha mafuta ambapo huwa tunasimama kununua chai ya maziwa. Nikasimama. Akaletewa chai yake na mimi yangu, tukakaa humo humo garini, vioo vimefunguliwa.

"Mwanangu," nikasema, "yule kocha hakukukataa. Alikutaka mpaka mwisho. Mimi ndiye sikumjibu. Neno la mkono wa kushoto nililitunga."

Alikuwa anapuliza chai. Akaendelea kupuliza.

"Najua, Baba."

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikaanza kurudia, akanikatiza, mtoto ambaye hajawahi kunikatiza.

"Aliniandikia mimi. Wewe ulipokuwa hupokei simu. Anwani yangu alikuwa nayo, mwalimu alimpa. Akaniambia baba yako hajibu, nami siwezi kusubiri zaidi. Kama unataka, niandikie neno moja tu, mengine nitazungumza naye mwenyewe."

"Neno moja."

"Ndiyo tu. Niandike ndiyo."

"Kwa nini hukuandika?"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nitaandikaje, Baba, na wewe umesema tusubiri? Angeona binti yako anapita juu ya kichwa chako. Nilijua utajibu. Kila siku nikitoka shule nilikuwa nakutazama usoni kwanza, nijue kama umeshajibu."

Nikauliza kama mama yake alijua. Akasema mama alimkuta jikoni analia, akamwambia andika, mwanangu, mimi nitasimama na wewe. Naye akakataa. Na Ijumaa ile, nilipokuwa natunga yale ya urefu na ya mkono, wote wawili mbele yangu kwenye sinia, walikuwa wanajua. Mwezi mzima nilipokuwa nawaonesha jedwali, walikuwa wanajua. Walikuwa wananisitiri. Nilijiona nimekaa pale na kompyuta yangu, kidole kinapanda na kushuka, na watu wawili wanaonipenda wananihurumia kwa kunyamaza. Nilitamani kituo kile cha mafuta kinimeze.

"Kwa hiyo huchezi kwa sababu gani," nikasema, "kama unajua kwamba alikutaka?"

Alifikiri. "Nikicheza utaanza tena kunitafutia."

Nikamwambia anisamehe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwomba radhi mtoto wangu bila kuongeza "lakini" nyuma yake. Akasema amenisamehe zamani, amenisamehe siku ile ile, wala nisijitie unyonge. Akanywa chai yake, akakifuta kikombe kwa kidole.

"Ila nakuomba kitu kimoja, Baba."

"Sema."

"Usiseme tena mbele yangu kwamba kile chuo ni dhaifu. Mimi nilikipenda."

Nikasema sitasema. Nikawasha gari, na kutoka Izki mpaka Nizwa, mimi mwenye maneno mengi, sikupata hata moja.